Mwaka Tuliobaki na Seneta Mmoja

Mama mkwe wangu alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kule Korogwe kwa miaka ishirini na minane. Alipostaafu akaja kuishi nasi Champlin, jimbo la Minnesota, Marekani, na ukarani alikuja nao. Nikisema tutakula saa moja, na saa moja na robo sufuria bado iko jikoni, aliuliza kwa upole, "Mwanangu, imeahirishwa?" Watoto wangu wakigombana alimsikiliza kila mmoja peke yake, mwenzake akisubiri kwenye ngazi, na hakuwahi kutoa uamuzi siku hiyo hiyo. Yeye aliuliza kwa Kiswahili, wao walijibu kwa Kiingereza, na kesi zilikwenda vizuri tu.

Nimeanza na tabia yake hiyo kwa sababu bila kuijua huwezi kuelewa kwa nini mwanamke mwenye wajukuu wawili na bustani ya mchicha alikosa raha miezi mitatu mfululizo kwa ajili ya kiti kilichokuwa wazi katika Seneti ya Marekani.

Uraia hakuutaka kwa mapenzi. Alikuwa na dada yake Korogwe, mkubwa wake kwa miaka mingi, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumkatalia. Mama alitaka awe anakaa naye nusu mwaka, nusu mwaka nyingine akae na sisi. Lakini kwa karatasi aliyokuwa nayo, ile ya ukaazi, ukikaa nje muda mrefu unarudi uwanja wa ndege unaulizwa maswali yasiyo na mwisho. Mume wangu akamweleza kwamba dawa ni kuchukua uraia. Akamweleza pia upande wa pili, kwamba Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo akiapa huku, kule atakuwa mgeni.

"Mgeni Korogwe?" Mama aliuliza.

"Kisheria tu, Mama."

"Hakuna 'kisheria tu', baba. Sheria ni sheria."

Alikaa nalo wiki nzima. Siku ya nane, tukiwa tunakunywa chai, akasema, "Lete fomu."

Hiyo ilikuwa mwaka 2008, katikati ya kiangazi. Tulituma maombi, nikachapisha orodha ya maswali ya mtihani wa uraia, karibu mia moja, tukayabandika ukutani juu ya sinki la jikoni. Mama aliyakariri akiosha vyombo. Kiingereza chake kilikuwa cha mahakamani, kizito na chenye adabu nyingi, na majibu aliyatoa kama mtu anayesoma hukumu. Kufikia Oktoba alikuwa na yote kichwani. Na Oktoba hiyo hiyo serikali ikabadilisha maswali.

Hapakuwa na tatizo, maana waliotuma maombi mapema waliruhusiwa kuchagua, ya zamani au mapya. Mama akachagua ya zamani. "Nimeshayasoma," alisema, "siwezi kuanza shauri upya kwa sababu hakimu amehamishwa."

Ukaja uchaguzi wa Novemba. Nchi nzima ilikuwa inazungumza habari za rais mpya, na kwetu pia tulishangilia, jirani wa upande wa pili akatuletea keki. Lakini jimbo letu lilikuwa na mzozo wake wa pembeni. Wagombea wawili wa kiti cha useneta walikuwa wamekaribiana mno, hata sheria ikataka kura zote zihesabiwe upya, kwa mkono, karatasi moja moja.

Mama alihamia mbele ya televisheni. Nilikuwa narudi kutoka maabara ya hospitali nilikofanya kazi, namkuta na blanketi magotini anatazama watu wazima wamezunguka meza, wanainua karatasi ya kura, wanaigeuza, wanaishusha. Mwingine anabisha, inatiwa kwenye rundo la peke yake. Kuna mpiga kura alikuwa amepaka wino kwenye majina yote mawili, mwingine alikuwa ameandika maneno yake mwenyewe pembeni.

"Kumbe na wao wanaharibu kura," Mama alisema, na nilisikia faraja kubwa katika sauti yake. Tangu afike Amerika hakuwa amewatazama wenyeji kwa mapenzi kama siku ile.

Kazi ya kuhesabu ilipokwisha, aliyeshindwa hakukubali, akaenda mahakamani. Hapo ndipo Mama alipokaa wima. Kesi ya kupinga matokeo! Majaji watatu! Alitafuta daftari, akachora mistari, akawa anaandika kila siku shahidi aliyeitwa na saa walizoahirisha. Watu wengine wa Minnesota walikuwa wamechoka na jambo lile, pale kazini kwangu ukilitaja mtu anaondoka na kahawa yake. Mama alikuwa hajachoka. Alichokilalamikia kilikuwa kimoja tu: hakuwa anaonyeshwa karani. "Kamera iko kwa wakili, kamera iko kwa jaji. Anayeandika hawamwonyeshi. Na bila yeye hakuna kitu hapo."

Januari, muda wa seneta aliyekuwapo ukaisha, kesi bado inaendelea, hakuna aliyeapishwa. Jimbo ambalo kwa katiba linatakiwa kuwa na maseneta wawili likabaki na mmoja, mwanamke. Tulisoma kwamba barua na simu zote za watu zilikuwa zinakwenda ofisini kwake. "Masikini mama wa watu," mama mkwe wangu alisema. "Mwenzake hajafika na zamu inaendelea."

Tukacheka. Wiki mbili baadaye barua ikafika. Usaili wake wa uraia ungefanyika mwishoni mwa Machi, katika ofisi ya uhamiaji Bloomington.

Alikuwa jikoni anapitia maswali, mimi nakata vitunguu, nikamwona amesimama na kidole ukutani. Halafu akaniita.

"Mwanangu, hebu nisomee hili."

Nikasoma. Swali lilikuwa linataka utaje maseneta wawili wa jimbo lako.

"Wawili," Mama alisema.

"Wawili."

"Nao wako wangapi?"

Nikaweka kisu chini.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini kwake, mji uitwao Savage, ambako ni mbali na siku ile barabara zilikuwa na barafu, hakuwa hata amevua viatu Mama akamsimamishia hoja. Mume wangu ni mhandisi, anapenda njia fupi. Akasema, "Mama, chukua maswali mapya. Kule wanataka seneta mmoja tu. Unamtaja huyo mama, mmemalizana."

"Nimechagua ya zamani."

"Unaweza kubadilisha hata siku hiyo hiyo."

"Kwa hiyo nibadilishe maelezo yangu mbele ya afisa kwa sababu ukweli umekuwa mgumu?"

Mume wangu akavua kiatu cha pili, akaniangalia mimi. Mimi nikarudi kwenye vitunguu.

Tulikuwa na rafiki yetu Mkenya, nesi, anakaa Brooklyn Park, mwanamke mcheshi aliyekwisha pita mtihani huo mwenyewe. Nilimwomba aje amfanyie Mama majaribio. Alikuja Jumamosi akiwa bado na nguo za kazi, akakaa mezani, akajifanya afisa.

"Haya Mum, nani ni masenator wenu wawili?"

"Swali lako lina kasoro," Mama alijibu.

"Mum, huwezi ku-tell officer swali lina kasoro!"

"Kwa nini?"

"Ata-deny! Wewe mtajie yule mmoja, halafu una-smile, una-move on. Hata mimi waliniuliza kitu sikujua, nika-smile tu."

"Ukatabasamu badala ya kujibu?"

"Na nikapita, Mum."

Mama alimtazama kama anavyotazama shahidi aliyekiri jambo zito bila kujua. Alimkaribisha wali wa nazi, akamhudumia vizuri, na alipoondoka akaniambia, "Rafiki yako ana moyo mzuri. Asije akaitwa mahakamani."

Siku zile nilijaribu kila kitu. Mama alipotaka nipige simu ofisi ya yule seneta aliyebaki, nilipiga. Aliyepokea ni mwanamke mwenye sauti ya uchovu na ucheshi, nikamweleza kwamba nina mzazi anayejiandaa kwa mtihani na anataka kujua rasmi tuna maseneta wangapi.

"Kwa leo mmoja," akasema.

Mama, aliyekuwa ameegemeza sikio karibu na langu, akaninong'oneza, "Mwambie aandike barua. Yenye muhuri."

Nikamwambia. Upande wa pili kikasikika kicheko kirefu, kicheko cha mtu aliyekuwa anakihitaji. Akasema angependa sana, lakini barua kama hiyo hana mamlaka ya kuiandika. Akamtakia Mama kila la heri.

"Ndiyo maana mambo yao hayaendi," Mama alisema nilipokata simu. "Hawana muhuri."

Mwisho nikampeleka maktaba ya Anoka, mji wa jirani, kwa kuwa alisema kama hawezi kupata barua basi atapata historia. Mkutubi, mzee mrefu mwenye sweta la kufumwa nyumbani, alifurahi kama tumemletea zawadi. Akatutolea kitabu kinene chenye orodha ya watu wote ambao jimbo hili limewahi kuwapeleka kwenye Bunge la nchi, tangu mwanzo kabisa. Tulikaa dirishani, theluji nje imeanza kuwa nyeusi pembeni mwa barabara, mimi nasoma na kutafsiri, Mama anaandika kwenye daftari.

Ukurasa wa kwanza tu ulimfanya aweke kalamu chini. Minnesota ilipoingia kwenye muungano mwaka 1858, ilikuwa imeshachagua wabunge watatu. Viti walivyopewa vilikuwa viwili. Mmoja akakosa.

"Walichagua watatu?"

"Ndiyo, Mama."

"Bila kuuliza viti viko vingapi?"

Alicheka mpaka akavua miwani. Mkutubi akaja kuona kama kuna shida, nikamweleza, naye akacheka, akakiri kwamba ameishi Anoka maisha yake yote na hakuwa analijua jambo hilo.

Tuliendelea. Watu walipoongezeka viti vikaongezeka, vikafika kumi. Halafu majimbo mengine yakakua zaidi, vikapungua vikawa tisa, baadaye vinane, na vinane ndivyo vilivyopo. Tulipofika miaka ya thelathini Mama alinisimamisha tena. Mwaka mmoja wanasiasa walishindwa kuelewana namna ya kuchora mipaka ya maeneo ya uchaguzi, kwa hiyo hapakuwa na mipaka. Jimbo zima likachagua wabunge wote tisa kwa pamoja.

"Kwa hiyo mtu wa Anoka alimchagulia mbunge mtu wa mpakani mwa Kanada?"

"Na yule wa mpakani akamchagulia mtu wa Anoka."

Mama aliandika, akapiga mstari chini. Alifunga daftari, akatulia. Nilidhani amekata tamaa, kumbe alikuwa amepata amani.

"Mwanangu," alisema tukiwa kwenye gari, "mimi nilidhani jambo hili ni la mwaka huu, kwamba limetokea ili kunivuruga mimi. Kumbe hawa tangu mwanzo hesabu inawasumbua. Basi."

Siku ya usaili alivaa suti yake ya mahakamani, ya kijivu, aliyokuja nayo kutoka Tanzania, na juu yake koti la baridi lililomfanya aonekane kama godoro lililofungwa kamba. Nilimpeleka mimi. Ndugu hawaruhusiwi kuingia chumbani, kwa hiyo nilibaki ukumbini na watu wengine waliobaki, kila mmoja amekumbatia bahasha ya mtu wake.

Mzee wa Kihmong, watu waliotoka milima ya Laos, aliitwa, akaingia, baada ya robo saa akatoka anatabasamu. Kijana wa Kisomali vivyo hivyo. Mama aliingia na afisa mwenye kipara, mtu wa makamo, aliyekuwa ameshika kikombe cha kahawa. Ikapita robo saa. Ikapita nusu. Mlango ukafunguliwa, afisa akatoka peke yake, bila kikombe, akaenda mwisho wa ukumbi akaingia chumba kingine. Nikawaza, amemwambia swali lina kasoro. Baada ya kitambo akarudi na mwanamke aliyeonekana kuwa mkubwa wake wa kazi, wakaingia wote wawili. Nilianza kusoma dua zote ninazozijua.

Ilipokaribia saa nzima Mama akatoka. Afisa alimfungulia mlango, akampa mkono, akamwinamia kidogo. Sikuwa nimewahi kuona afisa wa uhamiaji anamwinamia mtu.

"Twende," Mama alisema. "Nimefaulu."

Alikataa kusema neno mpaka tulipofunga mikanda. Ndipo akanisimulia, na namna alivyonisimulia ndivyo ninavyosimulia.

Mtihani una maswali kumi, na ukipata sita sahihi wanasimama. Alipata matano bila kupumua. La sita, afisa akamuuliza Seneti ina wajumbe wangapi. Mama akajibu, "Kwa mujibu wa katiba, mia moja. Kwa leo, tisini na tisa."

Afisa akanyanyua kichwa. Akahesabu moyoni, Mama aliona midomo inacheza, kisha akatabasamu, akaweka alama ya ndiyo. "Umefaulu, Mama," akasema, akaanza kukusanya karatasi.

"Hujaniuliza maseneta wa jimbo," Mama akasema.

"Si lazima. Umeshapata sita."

"Nimejiandaa."

"Naamini umejiandaa. Lakini umefaulu."

"Kama ningeulizwa, jibu lingekuwa lipi?"

Hapo, kwa mujibu wa Mama, yule bwana aliweka karatasi chini akafungua kijitabu chake, akakifunga, akakuna kipara. Akasema kwa kweli yeye hakuwahi kuulizwa hilo na mtu. Mama akamwambia basi aulize, na yeye atajibu, ili kumbukumbu zikae sawa. Afisa akamuuliza.

"Nikamwambia," Mama alinieleza, "jimbo lina viti viwili. Cha kwanza kina mtu, nikamtaja jina. Cha pili shauri lake liko mbele ya mahakama, na mimi kama mtumishi mstaafu wa mahakama siwezi kumtaja mshindi kabla ya hukumu."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza kama naweza kusubiri. Akaenda kumwita mkubwa wake, nikarudia. Yule mama mkubwa akaniuliza nimeyajuaje. Nikawaambia na ya mwaka 1858."

"Mama!"

"Waliuliza wenyewe. Walikuwa hawajui. Yule mwanamke alikaa kabisa."

Nilicheka mpaka nikakosa njia ya kutokea kwenye maegesho, tukazunguka mara mbili. Mama hakucheka. Alikuwa ameegemea kiti, macho kwenye barabara, ametosheka kama alivyokuwa akitosheka zamani, nadhani, jalada linapofungwa na kila karatasi iko mahali pake.

Aliapa mwezi Juni, Saint Paul, katika ukumbi mkubwa wenye watu wa kila rangi na vibendera mikononi. Majaji watatu walikuwa wameshatoa uamuzi, lakini aliyeshindwa alikuwa amekata rufaa, kwa hiyo kiti kilikuwa bado kitupu. Rafiki yetu nesi alikuja na maua, akapiga vigelegele mpaka mlinzi akageuka. Mama alinyanyua mkono wa kulia, akasema maneno yote bila kuyameza, hata yale ya kuachana na utii kwa nchi nyingine. Nilikuwa namtazama nikijua ni nchi gani anaisema. Alipomaliza hakuushusha mkono mara moja. Ulibaki juu peke yake, wenzake wote wameshashusha, mpaka mume wangu alipoingia katikati ya viti akaushika.

Mwisho wa Juni rufaa ikaamuliwa, na mwanzoni mwa Julai seneta wa pili akaapishwa. Tuliangalia kwenye televisheni. Mama alikuwa anasubiri pasipoti yake mpya na alikuwa ameanza kufunga mizigo, viatu vya watu sita na dawa za miguu za dada yake. Aliacha mizigo akaja kusimama nyuma ya kochi. Seneta alipoinua mkono, Mama alimkagua.

"Mkono uko chini kidogo," alisema. "Lakini ameapa." Kisha akafikiri. "Mimi nimemtangulia."

Kwa siku kadhaa hilo lilimfurahisha sana. Rafiki yetu alipopiga simu, Mama alimwambia kwamba katika utumishi wa jimbo hili, kwa tarehe za kiapo, seneta ni mdogo wake.

Agosti akasafiri. Alipiga simu siku mbili baada ya kufika, nikaiweka kwenye spika ili mume wangu naye asikie. Dada yake alikuwa anaendelea vizuri, mvua haikuwa imenyesha, mchicha wa Korogwe ulikuwa mtamu kuliko wangu. Nikamuuliza habari za uwanja wa ndege.

Alisema alipofika Dar es Salaam alisimama kwenye mstari wa wageni. Mbele yake kulikuwa na watalii waliovaa kofia pana, nyuma yake pia. Mstari wa raia ulikuwa pale pembeni, mfupi, watu wanacheka na kusalimiana. Binti wa uhamiaji alipomwona na suti yake ya kijivu akatoka kwenye kibanda.

"Shikamoo mama. Mbona uko huku? Wenyeji ni kule."

"Marahaba mwanangu," Mama alimjibu. "Niko huku kwa mujibu wa sheria."

Akampa pasipoti. Yule binti aliitazama, akamtazama yeye, akaigonga muhuri taratibu, akamwambia karibu sana mama, karibu Tanzania.

"Nikamwambia asante," Mama alisema. "Nilimwambia asante, sikujua niseme nini kingine."

Mume wangu alichukua simu, akazima spika, akatoka nayo kwenda gereji akafunga mlango. Nilimsikia anacheka kwa sauti, anamrudisha mama yake kwenye hadithi ya yule binti, anacheka tena. Baadaye kicheko kikaisha, lakini mazungumzo yakaendelea kwa sauti ya chini, na sikwenda kumwita mpaka chakula kilipopoa.